Nyumba Mpya: Tutie Mkono Ndani ya Fungu



Wiki mbili zilizopita tulipokea barua ya dada yetu mmoja wa Kisauni. Mumewe amepata uhamisho wa kikazi kwenda Machakos, nao wana mwezi mmoja tu wa kutafuta nyumba, kufungasha na kuhama. Wana watoto wawili, mkubwa ana miaka mitano, na dada mwenyewe ni mjamzito. Bwana amekwisha kwenda huko mara moja, akarudi na picha za nyumba tatu katika simu yake, zote zimepakwa rangi zikang'aa. Swali la dada lilikuwa fupi: "Katika hizi tatu, nitaijuaje iliyo salama?"

Swali hili tumelichukua kuwa ni amana, kwa sababu Machakos tunaijua. Tulikaa huko miaka minne, chini ya vilima vya Iveti, kabla ya Mwenyezi Mungu kuturejesha pwani. Kabla ya kuhamia tulikagua mambo mengi, na tulighafilika na jambo moja ambalo nusura litupokonye mtoto. Hilo tutalisimulia mwishoni, inshallah.

Dada yetu, picha ya simu haina harufu. Haikuonyeshi unyevu wala haikupi ladha ya maji, na jirani hasikiki ndani yake. Tunakumbuka sote kisa cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita penye fungu la nafaka lililokuwa likiuzwa. Juu lilikuwa kavu na zuri la kutazamika. Akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Muuzaji akasema ni mvua iliyonyesha. Mtume akamuuliza kwa nini hakuyaweka yaliyolowa juu ili watu wayaone, kisha akaonya juu ya udanganyifu. Wanavyuoni wetu hukitaja kisa hiki wanapomfundisha muuzaji wajibu wake wa kutoficha kasoro. Mnunuzi naye, na mpangaji vilevile, ana la kujifunza hapo: asitosheke na sura ya juu ya fungu.

Jambo la kwanza, basi, ni kwamba mwende wote wawili. Akina baba wetu wana mazoea ya kuchagua nyumba kwa umbali wake na kituo cha matatu, na wakizidisha wema huangalia umbali wa msikiti. Hayo ni mazuri. Lakini atakayekaa ndani ya nyumba hiyo mchana kutwa, akipika, akifua na kulea, ni wewe na watoto. Nauli ya basi kutoka Mombasa hadi Machakos ni ndogo mbele ya kodi ya mwaka mzima, sembuse mbele ya afya ya mimba. Mkiweza, itazameni nyumba mara mbili, mchana na baada ya magharibi, kwani kuna mambo ya mtaa ambayo hayaonekani ila usiku.

UKUTA, ARDHI NA PAA

Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Rangi mpya ndiyo kinyemi cha nyumba ya kupanga. Mara nyingi hupakwa kwa nia njema, ili mgeni aikute nyumba safi. Mara nyingine hupakwa ili kufunika doa la maji. Mwombe mwenye nyumba au dalali asifungue madirisha kabla hujaingia. Ingia, simama, vuta pumzi. Nyumba yenye unyevu hujitaja yenyewe kwa harufu yake ya nguo iliyokunjwa mbichi. Kisha weka kiganja chini ya ukuta wa chumba cha kulala, ule unaopakana na nje au na bafu. Fungua makabati ya jikoni, upapase ndani, chini ya karo. Tazama pembe za dari uone kama kuna madoa ya manjano au vidoa vyeusi vya ukungu. Ukungu huo hukikera kifua, na mtoto mwenye pumu huteseka nao kila usiku.

Huko Ukambani unyevu una hatari nyingine ambayo sisi wa pwani hatuizoei. Mwaka 2004 wilaya za Makueni, Kitui, Machakos na Thika zilipatwa na msiba wa sumukuvu, ile ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Watu 317 waliugua na 125 wakafariki. Sumu ilitoka katika mahindi yaliyoota ukungu kwa sababu yalihifadhiwa hayajakauka. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizopata wagonjwa na zile zilizosalimika, waliona kwamba waliougua walikuwa na mazoea zaidi ya kuhifadhi mahindi yao ndani ya nyumba badala ya ghala la nje. Mahindi yenye sumu hiyo huweza kuonekana mazima kwa macho, na kuyachemsha hakuiondoi. Kwa hiyo unapokagua nyumba, ulizia mahali pa kuweka chakula. Kama stoo ina ukuta unaotoka jasho, usiitie gunia ndani yake. Nunua unga na nafaka kidogo kidogo, na gunia uliweke juu ya mbao, lisigusane na sakafu wala ukuta.

Baada ya unyevu, tazama nyufa. Nywele za ukuta, zile nyufa nyembamba za lipu, si neno. Ufa unaopita mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha, nao ni mpana kiasi cha kuingia sarafu, huo uulizie. Sehemu kubwa ya nyanda za Mavoko, kuelekea Athi River, ina udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha huchezacheza kama dau. Kwa nyumba za ghorofa jambo hili ni zito zaidi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa liliporomoka mtaani Huruma, Nairobi, likaua watu zaidi ya 40. Lilikuwa limejengwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa si salama. Waliolala humo walikuwa wapangaji kama sisi, wenye kulipa kodi yao kila mwezi.

Ulizia pia njia ya maji ya mvua. Katika mafuriko ya Aprili 2024 Mto Athi ulifurika, maji yakaingia katika makazi ya Mavoko, na serikali ikawaamuru waliokaa kandokando ya mito wahame. Tafuta alama ya maji kwenye kuta za majirani, nao uwaulize: "Mwaka ule wa mafuriko, yalifika wapi?" Dalali anaweza kusahau. Jirani aliyebeba godoro lake kichwani hasahau.

Mwisho inua macho. Baadhi ya nyumba za zamani, hasa za taasisi na za wafanyakazi wa serikali, zina mapaa ya kijivu yenye mawimbi, manene kuliko mabati. Hayo huenda yakawa ni asbesto, ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2006. Likiwa zima, paa hilo halina madhara makubwa. Likipasuka, likatobolewa au likasuguliwa, hutoa nyuzi ndogo zisizoonekana zinazoingia mapafuni, na maradhi yake, saratani ikiwemo, hujitokeza baada ya miaka mingi. Paa la asbesto lililovunjika ni sababu tosha ya kuiacha nyumba. Na kama utaishi chini ya lililo zima, usimruhusu fundi kulitoboa kwa ajili ya waya wala dishi. Kuliondoa ni kazi ya wenye leseni ya NEMA.

Rangi kuukuu inayobanduka nayo ina neno. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, na mtoto anayetambaa huokota vipande akavitia kinywani. Risasi huidhuru akili ya mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Dada mjamzito asishike kazi ya kukwangua rangi ya zamani, hata kama ana hamu ya kuipamba nyumba mapema.

MAJI

Sisi watu wa pwani tuna ujuzi mmoja wa maji, nao ni wa ulimi. Tukionja ya kisima twajua kama ni ya chumvi au ni matamu. Ujuzi huo huko bara hautoshi, kwa sababu kuna madini yasiyo na ladha wala rangi. Mavoko na Athi River watu wengi hutegemea visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, na maji ya baadhi ya visima hivyo yana floraidi nyingi kupita kiasi. Kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani bado yanajengeka, yaani tangu anapozaliwa hadi miaka minane hivi, huota meno yenye madoa ya kahawia yasiyosugulika. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hudhuru mifupa.

Tuliwaona mabinti wazuri huko wanaofunika midomo yao kwa kiganja kila wanapocheka. Ukiwakuta watoto wa mtaa, zungumza nao, wafanye wacheke, nawe utazame meno yao bila kuwaaibisha. Kama wengi wao waliozaliwa hapo wana madoa, maji ya hapo yamekwisha kujieleza.

Na tusidanganyane kuhusu kuchemsha. Kuchemsha huua vijidudu, na ni wajibu wetu kuendelea nako, lakini floraidi hakuiondoi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki na kuzidi ukali. Kwa hiyo mwulize mwenye nyumba: maji yanatoka kisima gani, na yamepimwa lini? Mwenye kisima mwangalifu huwa na karatasi ya maabara na haoni haya kuionyesha. Asipokuwa nayo, chupa moja ya maji inaweza kupelekwa maabara ipimwe. Ikithibiti kwamba floraidi imezidi, maji ya kunywa na ya kupikia yatafutwe kwingine: ya mvua yaliyotekwa kwenye paa safi la mabati, au yale yaliyochujwa kwa mashine zinazotoa madini. Ya kuogea na kufulia yanaweza kubaki hayo hayo.

Tazama tangi nalo. Liwe na kifuniko, na mtu alisafishe kwa zamu inayojulikana. Tazama shimo la choo liko wapi na kisima cha nyumba kiko wapi. Kama kisima ni kifupi na kiko karibu na shimo, au chini yake mtelemkoni, hapo hapana maji ya kunywa hata yakiwa meupe kama theluji ya Kilimanjaro.

JIRANI NA HEWA

Wazee wetu walisema jirani kabla ya nyumba. Siku hizi jirani anaweza kuwa mtu, na anaweza kuwa kiwanda. Athi River ina viwanda vya saruji na eneo la viwanda vya kuuza nje, EPZ, na riziki za watu wengi ziko humo. Hatusemi watu wasiishi kule. Tunasema nyumba itazamwe imekaaje na upepo. Chukua kitambaa cheupe kilicholoa maji, pangusa ukingo wa dirisha na majani ya mti ulio uani. Vumbi la kawaida la Ukambani ni jekundu au la kahawia. Vumbi la kijivu lililoganda kama uji mkavu limetoka penginepo, na kila linapotua pale, limetua pia kifuani.

Somo hili pwani tulilipata kwa gharama kubwa. Pale Mikindani, Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, kilijengwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa risasi. Moshi na maji yake yaliwaingia wanakijiji majumbani. Mmoja wa wafanyakazi wake, Phyllis Omido, aligundua kwamba mwanawe mchanga aliyekuwa akimnyonyesha ana risasi katika damu. Aliacha kazi akaanza kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamua wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Disemba 2024. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Lakini tazameni miaka iliyopita kati ya moshi na hukumu. Watoto waliokuwa wakitambaa wakati ule ni vijana sasa, na risasi iliyokwisha kudhuru akili haitolewi na fidia.

Kwa hiyo zunguka mtaa kwa miguu, hatua mia tatu kila upande. Kuna gereji inayopasua betri uani? Kuna mtu anayepulizia magari rangi? Kuna jaa linalochomwa jioni? Kuna bohari ya gesi? Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 gesi ililipuka katika bohari isiyokuwa na kibali huko Embakasi, Nairobi, katikati ya makazi ya watu. Baadhi ya watu walifariki na mamia wakajeruhiwa, nao wengi wao walikuwa majumbani mwao, wakijiandaa kulala.

UMEME, GESI NA NJIA YA KUTOKEA

Machakos iko juu ya bahari kwa mita kama 1,600. Ukitoka Mombasa mwezi wa Julai ukafika huko jioni, utahisi umeingia nchi nyingine. Kwa sababu ya baridi hiyo, nyumba nyingi za huko zina shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, chombo ambacho pwani twakiona kwa nadra. Ni neema, lakini ni umeme na maji juu ya kichwa cha mtoto. Kabla ya kulipa, mlete fundi wa stima mwenye leseni, akague kwamba waya wa kuingiza umeme ardhini upo na unafanya kazi, kwamba shawa ina swichi yake nje ya bafu, na kwamba kuna kikatio kinachozima umeme papo hapo ukivuja. Ukigusa bomba ukahisi kama sisimizi wanatembea kidoleni, usiogee hapo hata mara moja. Soketi zenye alama nyeusi au zinazopata moto ni za kubadilishwa kabla ya kuhamia. Tusingoje kuhamia ndipo tudai.

Kwa gesi ya kupikia, uliza kama mtungi una mahali pake nje ya jikoni, penye hewa. Mpira ukiunganishwa, paka povu la sabuni kwenye maungio, na likichemka viputo ujue gesi inavuja. Tusitafute mvujo kwa kiberiti.

Kisha simama katika chumba cha kulala cha ndani kabisa ujiulize: moto ukianza jikoni, tutatokea wapi? Madirisha yetu yana vyuma, kwa sababu ya wezi. Angalau dirisha moja liwe na chuma kinachofunguka kwa ndani, na ufunguo wake uning'inizwe mahali pamoja ambapo hata mtoto wa miaka saba anapajua.

LILILOTUFIKA SISI

Haya yote tuliyafanya, alhamdulillahi. Tulipapasa kuta, tukauliza maji, tukamlipa fundi wa stima. Nyumba tuliyoichagua ilikuwa salama, kavu, na yenye majirani wema. Tukahamia mwezi wa Juni.

Julai baridi ikashuka kutoka vilimani. Tulikuwa hatujawahi kulala katika baridi ile. Tukafunga madirisha yote, tukaziba uwazi wa chini ya mlango kwa kanga, na tukaileta seredani yetu chumbani. Tulisubiri kwanza makaa yaive vizuri uani mpaka moshi uishe, kwa kuwa tulidhani hatari ni moshi. Makaa yakawa mekundu, chumba kikapata joto. Watoto walilala kwa raha, nasi tukalala tukimshukuru Mungu.

Kabla ya alfajiri mtoto wetu wa miaka mitatu alitapika. Tukadhani ni chakula. Tulipoinuka kumfuatia maji, kichwa kilikuwa kinagonga kama ngoma, na miguu ikakataa kutubeba. Mkubwa wake tulimwita, hakuitika. Kilichotuokoa, baada ya rehema ya Mola, ni jirani yetu, mama mmoja wa Kikamba aliyekuwa ameamka mapema kwenda sokoni. Alisikia mtoto akilia kilio kisichokuwa cha kawaida, akagonga, akasukuma mlango. Alipoiona seredani hakuuliza lolote. Alimbeba mkubwa akamtoa nje kwenye baridi, akarudi akafungua madirisha, akatuburura na sisi. Hospitalini watoto walitiwa hewa ya oksijeni, na jioni ya siku ile wakarudi nyumbani. Siku chache baadaye mama yule alitwambia, nusu kwa mzaha: "Ninyi watu wa pwani mnaogopa baridi kuliko kifo."

Daktari alitueleza. Makaa yanayowaka katika chumba kisicho na hewa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haihitaji moshi. Damu huipokea gesi hiyo badala ya oksijeni, na aliyelala huzidi kulala. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika na miguu kulegea. Kwa mama mjamzito hatari yake ni kubwa zaidi, kwa sababu mtoto aliye tumboni hudhurika kabla ya mama kuhisi kitu. Ikiwa watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa kwa pamoja na moto unawaka ndani, watoke nje kwanza, kisha waende hospitali. Mengine yatauliziwa baadaye.

Tuliwaza sana baada ya siku ile. Seredani ile ilikuwa imetulea. Nyumbani Mombasa bibi yetu aliiwasha uani, na hata ilipoingizwa jikoni, madirisha yalikuwa wazi na upepo wa bahari ukipita usiku na mchana. Haikuwahi kumdhuru mtu. Tulipohama tuliifunga pamoja na sufuria, na hatukujua kwamba tumeisahau nusu yake moja, nayo ni ule upepo. Nyumba tuliyoikagua haikuwa na kosa. Hatari tulikwenda nayo wenyewe.

Na fundisho lenyewe tulikuwa nalo tangu utotoni. Nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwa ndani, na habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) aliutaja moto kuwa ni adui yetu, akatuagiza tuuzime tunapolala. Tulijifunza hayo chuoni, tukadhani yanahusu taa na kuungua tu. Siku ile tuliyaelewa upya.

Basi dada yetu wa Kisauni, ukishaitia mkono nyumba, utie mkono mzigo wako mwenyewe pia. Seredani ibaki uani na izimwe huko huko kwa maji au mchanga. Badala yake nunua mablanketi mazito, soksi za watoto na thermosi ya chai. Usiku acha dirisha moja wazi upana wa vidole viwili, hata kama meno yanagongana.

Kuhusu nyumba zako tatu, hatuwezi kukuchagulia kutoka hapa. Nenda ukazione. Uliza kwa adabu, kwani mwenye nyumba si adui. Mweleze kwamba una mimba na watoto wadogo, na kwamba unapenda kujua kabla ya kulipa. Atakayekasirika kwa kuulizwa juu ya maji na paa, huyo amekwisha kukujibu. Atakayekubali kurekebisha, mwandikiane katika mkataba nini kitarekebishwa na lini, kabla hujatoa kodi na amana. Na kabla ya kuondoka siku hiyo, bisha hodi mlango wa jirani umsalimie. Sisi hatukulifanya hilo mapema, na mama yule tulimjua vizuri siku alipotuburura nje.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aijaalie safari yenu kuwa ya kheri, akupe uzazi mwepesi, na aifanye nyumba yenu mpya kuwa ya utulivu na afya. Wasomaji wengine wenye maswali ya kuhama, ya kupanga au ya kujenga, tunawakaribisha kama ilivyo ada yetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.